Kifungua Mlango: Gharama ya Kuomba Udaktari, Tangu Makerere Hata Muhimbili

Katika arusi za pwani yako malipo mengi ambayo mgeni hawezi kuyatenga moja na jingine, lakini wenyeji hawayachanganyi. Mahari ni mahari: hutajwa mbele ya mashahidi, na huweza kulipwa kidogo kidogo hata miaka ikapita. Kifungua mlango ni kitu kingine. Hicho ni fedha kidogo anayodaiwa bwana arusi usiku ule anapofika chumbani kwa mkewe, na wanaodai si baba wa binti wala kadhi, ila ni somo na wanawake waliosimama mlangoni. Si kitu ukikilinganisha na mahari. Walakini hakikopeshwi, na asiyekuwa nacho mkononi hubaki barazani pamoja na mahari yake yote aliyokwisha kuyalipa. Mafundi nao walikuwa na mpango kama huo. Mwanafunzi wa useremala au wa ushonaji alitoa kiingilio siku alipopokewa, na kilemba siku alipohitimu. Kilemba kilikuwa kikubwa, lakini kilimngoja mtu hata akawa ameijua kazi na ameanza kuchuma; kiingilio kilitakiwa wakati hajui lolote na hana chochote.

Lugha yetu imeyakusanya malipo hayo katika neno moja la ada, ambalo maana yake ya kwanza ni desturi, jambo lililozoeleka. Siku hizi twasema ada ya masomo, ada ya mtihani, ada ya maombi. Na kwa kuwa neno ni moja, twadhani kitu chenyewe ni kimoja. Wanaoandika historia ya elimu ya juu katika Tanzania aghalabu huandika juu ya mahari: nani alilipia masomo, nani alijenga mabweni, nani alikopeshwa na nani harejeshi. Hapa nataka kuifuata ile fedha ndogo ya mlangoni, kwa upande wa masomo ya udaktari, na kwa macho ya mtu wa Kariakoo. Nimechagua udaktari kwa kuwa mlango wake ni mwembamba kuliko milango mingine, na wengi wanaoukosa hawaukosi kwa ujinga. Nimechagua Kariakoo kwa sababu ya ujirani. Mtu akitoka Mtaa wa Msimbazi kwa miguu, akapita Faya, akashika Barabara ya Umoja wa Mataifa, atafika lango la Muhimbili ladha ya kahawa aliyoinywa njiani ingali mdomoni. Na kwa vizazi viwili vitatu, hapakuwa na safari ndefu kuliko hiyo.

Kwanza yafaa kukumbuka jinsi mji ulivyokuwa. Hospitali iliyowapokea Waafrika na Wahindi wa Dar es Salaam ilitokana na sadaka ya mfanyabiashara mmoja, Sewa Haji Paroo, aliyefariki mwaka wa 1897, na jina lake lingali juu ya jengo mojawapo la wodi huko Muhimbili. Wazungu walikuwa na hospitali yao ufukoni, mahali ambapo sasa pana Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Mwafrika aliweza kuingia hospitali akiwa mgonjwa, au mfagizi, au dresa. Kuingia akiwa daktari hakuweza, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kumfundisha. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoweka pale kambi ya wapagazi wa jeshi. Na jengo ambalo Wajerumani walikuwa wamelisimamisha kwa sherehe za mfalme wao likafunguliwa kuwa soko mwaka wa 1923. Mwaka uliofuata, 1924, mafunzo ya udaktari yakaanza Makerere, chuo kilichoanzishwa Kampala mwaka wa 1922, wanafunzi wakijifunza kazi katika hospitali ya Mulago. Basi soko la Kariakoo na shule ya udaktari ya Afrika Mashariki ni mtu na nduguye kwa umri. Lakini kati yao ilikuwapo reli ndefu na ziwa zima.

Kijana wa Dar es Salaam aliyeitwa Makerere alipanda gari la moshi pale Stesheni, akaenda hata Tabora, akashika tawi la Mwanza lililokamilika mwaka wa 1928, kisha akapanda meli hata Port Bell. Walakini nauli hiyo haikuwa ndiyo kifungua mlango, kwa kuwa aliyekwisha kuchaguliwa aghalabu alisaidiwa na Serikali. Kifungua mlango kililipwa kabla ya hapo, kimya kimya, nyumbani. Mtoto wa Kariakoo aliyemaliza madarasa yake katika miaka ya 1930 alikuwa mali tayari. Kiingereza kidogo na mwandiko mzuri vilimtosha kuwa karani bandarini, au relini, au katika duka la Uhindini ng'ambo ya Mnazi Mmoja, na mshahara wake uliisaidia nyumba ya vyumba sita yenye wapangaji na wajukuu. Kumruhusu aende shule ya bweni bara, Tabora au kwingineko, akae huko miaka na miaka akingoja mtihani ambao huenda asishinde, kulikuwa ni kuukataa mshahara huo mwezi baada ya mwezi. Hapana ofisi iliyoiandika gharama hiyo katika daftari lake. Lakini mama aliyesubiri shilingi za mwisho wa mwezi asizione aliijua hesabu yake barabara.

Ndiyo maana madaktari wa kwanza wa Tanganyika waliosoma Makerere walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Joseph Mutahangarwa, Vedasto Kyaruzi, Luciano Tsere, Wilbard Mwanjisi, Michael Lugazia: majina yenyewe yatwambia kuwa aghalabu walitoka bara, si katika mitaa ya Kichwele na Msimbazi. Wala walipomaliza hawakukuta nyumba yote imefunguliwa. Cheo chao katika Serikali ya kikoloni kilikuwa cha msaidizi, mshahara wao chini ya mshahara wa Mzungu, na shahada ya Makerere haikutambuliwa na Baraza la Madaktari la Uingereza mpaka mwaka wa 1957. Si ajabu basi kwamba mwaka wa 1950 daktari mmoja wao, Kyaruzi, alishika urais wa chama cha TAA hapa Dar es Salaam, Abdulwahid Sykes akiwa katibu wake. Na si ajabu kwamba Serikali ilimhamisha upesi ikampeleka Kingolwira, kisha Nzega. Mtu aliyelipa ada ya kuingia, akakuta ameketishwa ukumbini, huanza kuuliza nyumba ni ya nani.

Uhuru ulipokuja tarehe 9 Desemba 1961, nchi ilikuwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere hakuacha kuikumbusha dunia hesabu hiyo hata uzeeni mwake. Mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule Chuo Kikuu kilifunguliwa katika jengo jipya la TANU, kwenye mtaa ambao sasa waitwa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo kabisa. Wanafunzi hawakutimia hata 20, na wote walisoma sheria. Napenda kuwaza jinsi wauza ndizi na mafundi cherehani wa mitaa ile walivyowatazama vijana wale wakiingia na vitabu vyao: chuo kikuu kimekuja mlangoni pao, kimeketi miaka michache tu, kisha mwaka wa 1964 kikapanda mlimani Ubungo. Udaktari haukuwamo. Kwa mapatano ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoanza mwaka wa 1963, Dar es Salaam ilipewa sheria, Nairobi uhandisi, na Kampala ikabaki na udaktari wake. Mwaka huo huo wa 1963 Wizara ya Afya ilifungua shule ya udaktari Muhimbili, katika hospitali iliyokuwa ikiitwa Princess Margaret tangu 1956, lakini shule hiyo haikutoa shahada. Ni mwaka wa 1968 tu ilipofanywa kitivo cha Chuo Kikuu, na hapo ndipo mtoto wa Msimbazi alipoweza kusoma shahada ya udaktari na kurudi kwao kula chakula cha mchana.

Sasa twafika katika zama ambazo watu wa rika la wazee wangu huzitaja kwa kusema, wakati ule elimu ilikuwa bure. Ni kweli, na si kweli. Karo za sekondari ziliondolewa mwaka wa 1964. Aliyeingia Chuo Kikuu alilipiwa masomo, malazi, chakula na nauli, akaweka sahihi kwamba atalitumikia Taifa miaka mitano. Lakini mlango ulikuwa na ada yake, ila haikuwa ya fedha. Mwaka wa 1966 wanafunzi waliambiwa kwamba wakihitimu watatumikia Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwezi wa Oktoba wakaandamana hata Ikulu, na karibu 400 wakafukuzwa. Mwalimu alikata na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kisha likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Tangu hapo aliyemaliza kidato cha sita hakwenda moja kwa moja chuoni: alipitia Jeshi la Kujenga Taifa, akafanya kazi miaka miwili, akaleta barua ya mwajiri wake na ya tawi la Chama kuthibitisha mwenendo wake.

Yako mazuri ya kusemwa juu ya Azimio hilo. Kijana aliyefanya kazi miaka miwili katika zahanati au kiwandani huingia chumba cha wagonjwa akiwa amejua watu huamka saa ngapi na hula nini. Nami siwachekei waliolitunga. Lakini barua ni kifungua mlango kama fedha ilivyo. Barua yaandikwa na mtu, na mtu ana moyo wake: ana anayempenda na anayemchukia, ana binamu anayeitafuta nafasi hiyo hiyo. Aliye na mjomba katika tawi la Chama alikuwa na kitu mkononi ambacho mtoto wa mwuza mkaa hakuwa nacho. Na kwa msichana, miaka ile ya kungoja ilikuwa ghali zaidi, maana nyumbani posa hazikungoja. Idadi ya wasichana vyuoni ikashuka, na baada ya muda mfupi ikabidi wasamehewe sharti la kufanya kazi kwanza. Msomaji aone hapo: sharti lisilotaja shilingi hata moja lilimtoza mmoja zaidi ya mwingine.

Kwa wakati huo ulikuwapo na mlango mwingine, wa mbali. Moscow ilifungua mwaka wa 1960 chuo kikuu kwa ajili ya vijana wa nchi changa, kikapewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata, na huko ndiko alikosoma Esther Mwaikambo, aliyekuwa muuguzi kwanza, akahitimu mwaka wa 1969 na kuwa daktari mwanamke wa kwanza wa Tanzania Bara. Huyu ndiye baadaye, mwaka wa 1987, aliyeanzisha chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Nauli na masomo vililipwa na wenyeji. Kifungua mlango kilikuwa ni kuchaguliwa, na kujifunza Kirusi kabla ya kujifunza mwili wa mwanadamu.

Mambo yaligeuka mwaka wa 1992. Uchumi ulikuwa umedhoofika tangu miaka ya nyuma, masharti ya wakopeshaji wa nje yamekubaliwa, na Serikali ikatangaza kuchangia gharama katika elimu ya juu. Mpango ulikuwa wa hatua tatu. Hatua ya tatu, ya kuchangia masomo yenyewe, ilikuja pamoja na mikopo mwaka wa 2005. Hatua ya pili ilihusu chakula na malazi. Lakini hatua ya kwanza, ile ya 1992, ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya nauli ya kwenda na kurudi, fomu za maombi, uandikishaji, mitihani ya kuingilia, fedha za dhamana, na michango ya chama cha wanafunzi. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi, na kila mara hunistaajabisha, maana ukiitazama utaona kwamba karibu yote ni mambo ya mlangoni. Serikali ilishika mahari ikayaendeleza kwa muda, na ikawaachia wazazi kifungua mlango. Bila shaka waliopanga waliona wanatenda huruma: wameanza na vitu vidogo, ili mzazi asishtuke. Hawakukosea katika kuhesabu udogo wake. Walikosea kudhani kwamba kidogo cha leo ni chepesi kuliko kikubwa cha kesho. Mtu wa Kariakoo hafikiri hivyo. Yeye aweza kulipa deni kubwa kwa miaka kumi, kwa kuwa kila siku huuza. Kinachomshinda ni fedha isiyozidi bei ya viatu ikitakiwa Ijumaa hii.

Kwa jambo hilo Kariakoo ina chombo chake, nacho ni upatu. Neno lenyewe ni jina la sahani ya shaba ipigwayo ngomani, na ni jina la mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu: watu 10 au 20 hutoa sawa kila juma, na mmoja huchukua zote. Msimamizi huitwa kijumbe. Ubora wa upatu ni kwamba hugeuza fedha ndogo za kila siku kuwa fedha nzima ya siku moja. Udhaifu wake ni kwamba siku hiyo ni ya zamu, na zamu haijui tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi.

Hapa msomaji aniwie radhi niseme habari ya nyumbani kwetu. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, mashine yake barazani katika mtaa mmoja usio mbali na soko. Mama aliuza vitumbua asubuhi na khanga mchana. Mwaka wa 2003 mdogo wangu wa kike alipata matokeo mazuri ya kidato cha sita katika fizikia, kemia na baiolojia, naye tangu utoto hakuwa na neno jingine ila udaktari. Wakati ule kila chuo kilikuwa na fomu yake na bei yake. Alitaka kuomba vyuo vitatu, kimoja hapa mjini na viwili mikoani. Palikuwa na fomu tatu za kununua, hati tatu za benki, nakala za vyeti za kugongwa mihuri, picha ndogo, bahasha kubwa za rejista, na nauli ya kufuata fomu moja ambayo haikupatikana hapa. Mama alikuwa na zamu ya nane katika upatu, na walikuwa wamefika ya tatu. Akaenda kwa kijumbe kuomba abadilishane. Mwenye zamu ya nne alikuwa na mgonjwa. Mwenye ya tano alikubali, lakini ya tano ilikuwa baada ya tarehe ya mwisho ya vyuo viwili. Usiku ule mama akazihesabu noti juu ya mkeka, akazihesabu tena, akasema, "Mwanangu, chagua mlango mmoja." Mdogo wangu akajibu, "Sawa, mama," akachagua ule wa mjini, unaoombwa na watu wengi kuliko yote. Hakupata. Mwaka wa pili baba akafariki, na fedha ikaenda katika mazishi. Yeye akaingia chuo cha matabibu, na hata leo ni tabibu katika zahanati, anatibu watu wengi kwa siku moja kuliko ninaowafundisha mimi kwa wiki. Hajutii, asema. Mama ndiye ambaye hakuisahau hesabu ile ya mkekani.

Jambo moja lilinishangaza wakati ule, nami bado silielewi vizuri. Mwezi ule ule wa fomu, nyumbani kwetu zililetwa kadi tatu za mchango wa arusi, zimepigwa chapa kwa wino wa dhahabu, na zote tulizichangia. Mtaa wetu hujua kumchangia mtu aolewe, azikwe, asafirishwe akiwa maiti hata kwao. Kuna kamati, kuna mweka hazina, kuna daftari. Sikumbuki hata siku moja kuona kadi ya kumchangia mtoto aombe chuo. Yamkini ni kwa sababu arusi na msiba ni mambo yaliyokwisha kuwa, na maombi ni jambo ambalo huenda lisiwe. Watu huona haya kuchangisha kwa ajili ya kitu kinachoweza kukataliwa.

Baadaye Serikali nayo iliuona msongamano wa mlangoni. Sheria ya Bodi ya Mikopo ilitungwa mwaka wa 2004, na Bodi ikaanza kazi mwaka wa 2005. Tume ya Vyuo Vikuu ikaundwa, na mwaka wa 2010 ikaanzisha mpango wa udahili wa pamoja: mwombaji aliomba mara moja, kwa ada moja, akataja vyuo na masomo anayoyataka kwa mpangilio wa mapenzi yake, na Tume ikampangia. Mpango huo ulilalamikiwa sana. Walikuwapo waliopangiwa masomo wasiyoyapenda, na vyuo viliona vimenyang'anywa haki ya kuchagua wanafunzi wao. Mwaka wa 2017 ukaondolewa, na tangu hapo mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka, kisha akipata zaidi ya kimoja huthibitisha kimojawapo. Wengi walifurahi, na sababu zao nazijua. Lakini mimi nilipoisikia habari hiyo niliukumbuka mkeka. Uhuru wa kuchagua vyuo vitatu ni wa yule aliye na ada tatu. Mwingine ana uhuru wa kuchagua mlango mmoja. Katika miaka ile saba ya udahili wa pamoja, pamoja na kasoro zake zote, mtoto wa fundi cherehani na mtoto wa mkurugenzi walitaja vyuo vingi kwa ada ile ile, na sijaona bado mpango mwingine uliolifanya jambo hilo.

Kwa udaktari tofauti hii ni nzito kuliko kwa masomo mengine. Anayeomba ualimu au biashara akiomba chuo kimoja ana matumaini. Anayeomba udaktari anashindana na karibu kila aliyefaulu sayansi nchini, na busara yamtaka aombe vyuo vingi: Muhimbili, ambayo tangu 2007 ni chuo kikuu kamili, na Moshi, na Mwanza, na Dodoma, na vyuo vya watu binafsi kama kile cha Hubert Kairuki kilichoanzishwa Mikocheni mwaka wa 1997. Tena kabla ya chuo kumjibu yampasa aombe mkopo, kwa kuwa miaka mitano ya udaktari haibebwi na meza ya khanga. Ada ya kuomba mkopo imekuwa shilingi 30,000 kwa miaka mingi. Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwapo, hutakiwa kihakikiwe na RITA kwa malipo. Na aliyefiwa na mzazi hulipia pia uhakiki wa cheti cha kifo. Fomu yatakiwa sahihi ya serikali ya mtaa na muhuri wa wakili. Tangu mwaka wa 2022 upo na ufadhili wa Rais Samia kwa waliofaulu sana katika sayansi, nao ni neema kubwa kwa wanaoupata. Lakini huo nao ni mahari.

Julai iliyopita niliketi nusu siku katika duka moja la steshenari, Mtaa wa Tandamti, hatua chache kutoka soko kuu lililochorwa na Beda Amuli, likaungua Julai 2021 na kujengwa upya. Kwa macho yangu steshenari hizi ndizo zilizorithi kazi ya kijumbe na ya karani wa posta. Mwenye duka ana kompyuta mbili, mashine ya nakala, na foleni ya watoto wenye bahasha za plastiki. Humfungulia mtoto ukurasa wa maombi, humpiga picha mbele ya shuka la buluu, humwelekeza kwa wakili ghorofani, na hutoza kwa kila ukurasa. Wengine huhitaji kurudi mara tatu, maana jina katika cheti cha kuzaliwa limeandikwa na h na katika cheti cha shule halina h, na herufi hiyo moja ina gharama yake mahakamani.

Alikuja kijana mmoja, amevaa fulana ya timu na kandambili, mwenye alama nzuri katika masomo yote matatu. Alikwisha kulipia maombi ya mkopo asubuhi ile. Mwenye duka akamfungulia chuo cha kwanza, wakalipa. Akamwuliza cha pili. Kijana akatoa noti zilizobaki, akazitazama, akasema abakize za daladala, anakaa Gongo la Mboto. "Basi mdogo wangu," akasema mwenye duka, "mimi sikutozi ya kujaza, lakini hii ya chuo siyo yangu." Kijana akatoka nje kibarazani, akapiga simu. Nilimsikia akisema shikamoo mjomba, kisha akanyamaza muda mrefu, kisha akarudi ndani kuulizia namba ya malipo. Mjomba atalipa akifunga meza yake jioni, kama mauzo yatafika. Mwenye duka akaiandika namba nyuma ya risiti ya zamani, akamwambia dirisha la maombi linafungwa usiku ule saa sita.